Mitungi Ishirini na Saba

Jumatatu, 14 Julai 2025

Daktari wa pua alisema niandike. Kila siku, hali imekuwaje, nimpelekee tarehe 23. Haya. Nimechukua daftari la zamani la mwanangu Shiku, kurasa safi zimebaki sitini na mbili. Daktari atapata muhtasari kwenye karatasi moja. Humu ni mimi na mimi.

Ugonjwa: upande wa kushoto. Gego la juu, la pili kutoka nyuma. Liliuma miaka minne iliyopita, likasafishwa mizizi, likazibwa, likavikwa kofia. Basi. Lakini tangu Septemba mwaka jana shavu ni zito, pua ya kushoto imeziba, na kuna kitu kinateremka kooni. Ladha yake — siwezi kuandika. Panya aliyekufa nyuma ya kabati. Nimeandika.

Dozi za antibiotiki hadi leo: tano. Madaktari: wanne. Majibu: sifuri.

Kila mtu ananiambia ni baridi. Ni kweli Tetu yote inapiga chafya mwezi huu, ukungu hauondoki hadi saa nne. Lakini baridi gani hii inayochagua tundu moja la pua?

Kituoni: maziwa lita 1,118. Nimerudisha mitungi miwili. Mmoja wa Mama Gathoni, mwingine wa mzee Ngatia wa kule chini mtoni. Ngatia ni mara ya pili mwezi huu! Nilifungua kifuniko — uvundo. Nikamwambia, guka, babu yangu, hii imeharibika. Akavua kofia, akainama, akanusa mwenyewe. Akasema yeye hasikii kitu. Wote husema hivyo.

Alibeba mtungi wake akarudi nao. Foleni ilikuwa watu kumi na wawili. Kurudi na mtungi uliojaa si jambo dogo kwetu, kila lango unalopita wanakuhesabia hatua. Lakini ndiyo kazi. Nikihurumia mtungi mmoja naharibu tangi zima.

Alhamisi, 17 Julai

Nyeri mjini, kliniki ya meno. Nimengoja saa mbili na dakika kumi ili nikae kwenye kiti dakika nane.

Daktari kijana, mikono laini. Akapiga picha, akaigeuza kwenye mwanga. Jino halina neno, anasema. Mizizi imezibwa vizuri. Akaligonga kwa chuma: inauma? Kidogo. Kidogo si kuuma, akasema. Nenda kwa daktari wa pua.

Nikamwambia daktari wa pua ndiye aliyenituma kwako! Akacheka. Nilitaka kumwambia, kijana, mimi napokea maziwa ya watu 84 kila asubuhi na sijawahi kumtuma mtu kwa jirani yangu kwa sababu nimeshindwa. Sikusema. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso. Naogopa pumzi yangu mwenyewe.

Anasema picha ni safi. Basi mgonjwa ni nani, picha ama mimi?

Jumamosi, 19 Julai

Mzee Ngatia amekuja wa kwanza, kabla Naliaka hajafungua tangi. Mtungi umeoshwa hadi unameta. Akasimama kando, mikono nyuma.

Nikafungua. Uvundo ule ule. Sikuinua hata kichwa.

"Guka, leo ni mara ya tatu."

"Nusa tena, Mama Shiku."

"Nimenusa."

"Nimekamua na hii mikono yangu. Nimeosha kiwele na maji ya moto."

Kahiga, yule wa boda anayeleta maziwa ya mama yake, akaropoka kutoka nyuma: "Kwani hiyo ng'ombe inakula nini, guka? Soksi?" Wakacheka wote.

Naliaka naye — yeye ndiye anayepima na kuandika — alikuwa ameshachanganya kijiko cha maziwa na kijiko cha spiriti, akatikisa, akaangalia. Maziwa mabaya huganda hapo hapo. Akasema, tena kwa sauti: "Mama, spiriti imekubali. Laktomita pia, ishirini na tisa, hayana maji."

Mbele ya watu! Nikamwambia spiriti inauzwa dukani, pua haiuzwi. Wakacheka tena. Nilipenda walivyocheka.

Sheria yangu ni moja na iko ukutani: mara tatu ndani ya mwezi, jina linafutwa. Nambari 37. Nimefuta kwa rula.

Mzee akaniuliza, sasa nitaambia watu nini? Nikamwambia, waambie ukweli.

Sina la kujuta. Nilianza 2009 na baiskeli ya marehemu mume wangu na vibuyu vitatu vya plastiki. Sikuwa na spiriti wala laktomita. Nilikuwa na pua. Najua ng'ombe aliyekula kabichi. Najua maziwa yaliyolala jikoni kwenye moshi. Najua kibuyu kilichowahi kubeba mafuta ya taa hata kikioshwa mara ishirini. Miaka kumi na sita, na gari la kampuni inayonunua halijanirudishia lita moja. Wananiita Mama wa Pua. Jina hilo sikupewa na mtu, nililifanyia kazi.

Naliaka ameomba ule mtungi wa mwisho wa Mama Gathoni niliorudisha leo asubuhi, uliachwa hapa. Amepika chai ya kituo. Haikukatika, maziwa hayakuganda. Amekunywa vikombe viwili akiniangalia. Huyo mama wa Bungoma ana kichwa kigumu. Mumewe ni polisi, labda amezoea kushuku watu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Mama aliyekaa kando yangu alisogea mara tatu. Nilihesabu. Ya kwanza nikadhani anampisha mtoto. Ya tatu akafungua mkoba akanipa peremende, akitazama madhabahu.

Nimeipokea! Nimeimba wimbo wote mdomo nusu.

Karafuu sitafuna tena, hazisaidii. Kesho barakoa. Nitasema ni vumbi.

Jumatano, 23 Julai

Daktari wa pua, Masinde. Nimempa karatasi yangu: siku tisa, asubuhi na jioni, upande gani, rangi gani. Akasema hajawahi kupewa ripoti kama hii, nilifaa kuwa karani wa mahakama. Akaiweka chini ya kikombe chake.

Dozi ya sita. Siku kumi na nne safari hii, na dawa ya kupuliza puani.

Nikamuuliza, na jino? Akasema mambo ya jino aachie wenzake, wasije wakamwambia anaingilia.

Wanaheshimiana sana hawa watu. Mimi niko katikati na ndimi ninayenuka.

Jumatano, 30 Julai

Siku ya nane ya dawa. Shavu limeshuka. Usiku nimelala upande wa kushoto, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Kituoni lita 1,142. Mitungi niliyorudisha wiki yote: sifuri. Wamejifunza adabu tangu nimfute Ngatia! Nilimwambia Naliaka hivyo. Akasema: "Eh, mama. Wamejifunza wote siku moja." Halafu akaenda kuosha mfereji wa tangi.

Jumamosi, 9 Agosti

Dawa zimeisha Jumanne. Uvundo umerudi jana. Shavu pia.

Nimerudisha mitungi miwili.

Jumanne, 12 Agosti

Karatina. Mama mmoja sokoni alinipa jina: Daktari Apondi, wa meno, mwanamke, mfupi, anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Kiti kilikuwa cha zamani, ngozi imepasuka. Nikasema moyoni, hapa nimepotea.

Hakunigusa kwanza. Aliuliza maswali kwa dakika kumi na tano, na mimi nilikuwa naangalia saa.

Upande mmoja tu? Mmoja tu. Ukiinama shavu linajaa? Ndiyo. Ukimeza dawa linatulia, ukiacha linarudi? Ndiyo, baada ya siku tatu, nne. Akasema: mafua ya kawaida hayana upande. Mizizi ya magego ya juu inakaa chini kabisa ya uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, sainasi. Kwa wengine, kati yake na mizizi kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai. Jino likioza kwa ndani linavuja kwenda juu. Picha ya kawaida ni bapa, vitu vyote vimepangwa kimoja juu ya kingine, mtu anaweza asione. Ni picha ya CT itakayosema.

Miezi kumi na moja! Na jibu linakaa Karatina kwenye kiti kilichopasuka!

Nilikuwa na hasira tamu kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakachomwambia yule kijana wa Nyeri. Kisha akaniuliza la mwisho, huku anaandika:

"Na kuna wakati unasikia harufu mbaya ambayo walio karibu nawe hawaisikii?"

Nikasema hapana.

Akainua macho. "Wengi huisikia. Inatoka ndani, lakini pua haijui tofauti. Mtu anafungua sufuria, anaapa chakula kimeoza."

Nikasema hapana, daktari. Kamwe.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua kwa nini.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefunga kituo saa tano. Nimemwambia Naliaka aende nyumbani mapema. Nimetoa kitabu cha maziwa yaliyorudishwa.

Mwaka 2023, mwaka mzima: mitungi 9.

Tangu tarehe 1 Septemba 2024 hadi jana, siku 346: mitungi 31.

Siku nilizokuwa kwenye dawa, dozi sita zikijumlishwa: 49. Katika siku hizo nilirudisha mitungi miwili. Yote miwili, kwenye safu ya Naliaka, imeandikwa "imeganda".

Sikujua kwamba Naliaka ana safu. Iko pembeni kabisa, kwa penseli. Kila mtungi niliorudisha, yeye amepima na kuandika. Imeganda, ama Sawa. Miezi kumi na moja safu hii imekuwa chini ya kiwiko changu.

Imeganda: 4. Sawa: 27.

Hiyo 27 yote imeangukia siku ambazo sikuwa na dawa. Hata mmoja haumo ndani ya zile 49. Kwa kiwango cha siku zingine ilipaswa kuwa minne, minne na nusu. Nimepiga hesabu mara tatu. Nikabadilisha kalamu nikapiga tena.

Ng'ombe wa Tetu hawamezi vidonge vyangu.

Mama Gathoni, mara nne. Gicheru mlemavu wa mguu, mara mbili. Mwalimu Ndungu, mara moja — alihamia kituo kingine, nikasema ni kiburi. Ngatia, mara tatu. Sawa. Sawa. Sawa.

Lita 268.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti

CT imepigwa jana Nyeri, leo Apondi ameifungua. Upande wa kulia mweusi, ndiyo hewa, ndivyo inavyotakiwa. Wa kushoto umejaa kijivu hadi juu. Na hapo chini, kwenye ncha ya mzizi, mfupa hauko. Tundu. Akalipima: milimita nne.

Akasema pole. Akasema nilikuwa na haki ya kusumbua watu.

Miezi yote hii nimengoja mtu aseme neno hilo. Haki. Limefika na sikulitaka.

Nikamwambia: ile harufu uliyoniuliza. Nilikudanganya.

Nikamwambia kazi yangu ni nini. Aliweka kalamu chini. Hakusema si kosa lako. Nilimshukuru kwa hilo. Alisema tu: "Basi tuling'oe Alhamisi. Usipokee maziwa kwa pua hadi hapo."

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nilimsubiri Naliaka nje ya kanisa lao. Hajawahi kuniona huko. Alidhani amefutwa kazi, akashika mkoba kwa mikono miwili.

Nilimuuliza habari za Ngatia tu. Mengine sikusema.

Akalegeza mkoba. "Kwani mama hujasikia?"

Mzee ameuza ng'ombe. Tarehe mbili mwezi huu. Kwa mchinjaji wa Ihururu.

Wakati mimi nalala upande wa kushoto.

Alhamisi, 21 Agosti

Limetoka. Sindano nne za ganzi, dakika arobaini. Kofia ilivunjika, akalitoa vipande vitatu, na nyuma ya kipande cha tatu ukaja usaha — harufu! Nesi aligeuza uso. Apondi hakugeuza. Mimi niliitambua. Ni yenyewe. Ni ile ile niliyokuwa naikuta ndani ya mtungi wa kila mtu.

Alisafisha kwa maji. Maji yaliingia mdomoni yakatoka puani. Nilicheka kwa mshtuko, akaniambia usicheke. Akashona ufizi kuziba tundu.

Masharti: nisipenge wiki mbili. Nisinywe kwa mrija. Nikipiga chafya, mdomo wazi. Tundu likifunguka tunaanza upya.

Aliniuliza kama nataka jino langu. Nikasema tupa.

Jumatatu, 25 Agosti

Moshi wa kuni za jirani. Kahawa inayooza kwenye rundo la maganda kule kiwandani. Sabuni ya Naliaka. Udongo uliolowa.

Nilikuwa nimesahau kwamba dunia ina harufu nyingi hivi. Nilisimama mlangoni kama mjinga, nanusa.

Kituoni napima kwa spiriti. Nimesema ni agizo la daktari. Mtungi wa Mama Gathoni niliinama tu, nikasubiri. Maziwa matamu, nyasi mbichi, hakuna kingine. Yule mama alikuwa amefumba macho! Anangoja nimtukane. Nikamwambia yako sawa. Akasema asante kana kwamba nimempa kitu.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeenda kwa mzee Ngatia. Huwezi kwenda mikono mitupu, nimebeba sukari kilo mbili, unga, na majani chai. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Sentensi tano. Nilizihesabu kwa vidole.

Aliniona kutoka mbali akakimbia kufuta kiti. Mzee wa miaka sabini na nne, anakimbia kunifutia kiti.

Anaishi peke yake tangu mkewe afariki mwaka juzi. Alichemsha chai. Ikaja nyeusi. Turungi — katika nyumba ambayo miaka kumi na mitatu imeniletea maziwa. Akaomba radhi. "Leo hatuna ya kuweka ndani, Mama Shiku. Jirani hupatia mimi ya jioni tu."

Zizi liko pale mbele ya mlango. Mtamba mmoja, bado hajazaa. Upande wa pili mtupu, umefagiwa.

Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

Akasema amefikiria sana. Kwamba kosa ni lake. Mkewe ndiye alikuwa anakamua, yeye alijifunza uzeeni, mikono yake haina adabu ya maziwa. Alimwita daktari wa mifugo. Daktari akapima kiwele, akasema ng'ombe hana ugonjwa. Akamwita mara ya pili. Hana ugonjwa.

"Lakini nikasema, huyo ako na kitabu. Mama Shiku ako na pua. Kama wewe umekataa, mimi ni nani?"

Alitaka kumuuza kwa mfugaji. Hakuna aliyekubali. Ng'ombe aliyekataliwa na Mama wa Pua! Walikuja wawili, wakauliza jina la kituo, wakaenda. Akabaki mchinjaji. Alimpeleka mwenyewe hadi Ihururu kwa kamba, kwa miguu, hakutaka apigwe kwenye gari.

Kisha akaniuliza, taratibu, akiangalia kikombe: huyu mtamba atazaa Oktoba. Nitaosha kila kitu. Utanirudisha kwa kitabu?

Nilisema nitakurudisha.

Tu. Hayo tu! Sentensi tano, na hata moja haikutoka. Na akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru, akanisindikiza hadi barabarani.

Nililia kutoka mtoni hadi kwa shule ya msingi. Kulia bila kupenga. Kamasi zinashuka, unafuta, huruhusiwi kuzivuta wala kuzitoa. Niliinama kando ya barabara ya watu kama mlevi. Mama mmoja na mzigo wa nyasi akasema pole, mama, umefiwa?

Jumapili, 31 Agosti

Shiku amepiga simu kutoka Nairobi. Nilimwambia yote. Nilitaka tu mtu ajue.

Mtoto wangu ni mimi mtupu. Hakuchukua hata dakika. "Mum, hakuna haja ya kujianika. Nunua ile mashine ya kupima, ya umeme. Waambie ni mfumo mpya. Halafu rudisha wote waliofutwa, sema ni msamaha wa mfumo mpya. Wanashangilia, na wewe unabaki na jina lako." Akasema: "Ukiwaambia ni pua, kila mtungi tangu 2009 utakuja kudaiwa. Hata ile mibovu ya kweli."

Ni kweli. Namjua kila mmoja wao. Kahiga peke yake atakumbuka mitungi ishirini ambayo haijawahi kuwepo.

Ni mpango mzuri. Ni mpango ambao ningempa mtu mwingine.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemwambia Naliaka. Kwanza kuhusu jino, kisha kuhusu mashine.

Hakuketi. Aliendelea kukausha mitungi. Akasema: "Mimi nilijua tangu Krismasi, mama. Si ya jino. Ya pua." Mbona hukusema? "Nilisema. Uliambia watu spiriti inauzwa dukani."

Kisha: "Mashine ni sawa. Hata mimi nitafurahi, mkono unaniuma. Lakini ile safu yangu sifuti."

Nani alikuambia ufute?

"Hakuna. Nasema tu."

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeruhusiwa kupenga. Apondi ametazama ufizi: umefunga. Pua zote mbili wazi. Nimepona, anasema.

Nimeitisha mkutano Jumamosi saa nne. Wote 83, na waliofutwa, na mwalimu Ndungu. Kwa Ngatia nimemtuma Kahiga na boda amchukue, nimesema aje bila kukosa. Wameanza kusema labda naongeza bei ya lita.

Mashine sijaagiza. Sijafuta pia namba ya muuzaji.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa tatu na nusu. Nimeamka saa kumi nikaandika orodha kwa mkono wangu, karatasi tatu kubwa za manila. Tarehe, jina, lita, spiriti ilisema nini. Juu yake kwa kalamu nene: MAZIWA HAYA YALIKUWA MAZURI. NILIYAKATAA MIMI. PUA YANGU ILIKUWA MGONJWA. Naliaka akazishika, mimi nikapiga misumari. Ukuta wa nje, kando ya mlango, chini ya sheria ya mara tatu. Nilizipigilia kabla watu hawajafika ili nisiwe na njia ya kurudi. Sauti yangu naijua, ingepata njia.

Niko ndani, kwenye meza ya kuandikia. Mlango uko wazi. Nimesema nitatoka saa nne. Mkono unataka kitu cha kufanya, ndiyo naandika.

Wanakuja. Nawasikia tu, siwaoni. Kwanza salamu, kelele, mtu anauliza ni bei ngapi sasa. Kisha wanafika ukutani. Kelele inapungua kutoka mbele kwenda nyuma.

Mama Gathoni: "Hii ni mimi. Hii pia. Hii pia ni mimi!"

Mtu mwingine: "Ati pua?"

Mtu amecheka. Hakuna aliyemfuata.

Gicheru anauliza Naliaka, hii ni kweli? Naliaka anasema yeye ameandika safu ya mwisho tu, wamuulize mwenye kituo.

Sasa boda ya Kahiga imefika. Namsikia mzee Ngatia anasalimia mmoja mmoja, vizuri, kama mtu aliyealikwa arusi. Wanamwitikia kwa sauti ya chini. Wanampisha. Anauliza kuna nini ukutani.

Anasema hakuja na miwani. Kahiga, nisomee.

Kahiga anasema: "Guka, tungoje mama atoke."

"Si uko na macho? Soma."

Anasoma. Anaanza juu kabisa, Septemba, jina kwa jina. Hafanyi mzaha, mara ya kwanza namsikia bila mzaha. Saa nne kasoro dakika sita. Oktoba. Januari, Gicheru. Machi. Nimesimama, nimekaa tena. Mei, mwalimu Ndungu. Julai, tarehe kumi na nne. Lita nane, Ngatia. Sawa.

Amefika tarehe kumi na tisa, siku ya soksi. Amenyamaza.

Mzee anamwambia: "Soma."